Ghala la Wabia Wawili: Mafunzo ya Mgogoro wa Hati ya Mauziano

Mgogoro wa hati ya mauziano kati ya wabia una swali linaloitangulia hati yenyewe: mali iliyouzwa ilikuwa ya nani? Watu wasiojuana wanapouziana kiwanja, jibu hutafutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na mara nyingi hupatikana huko. Wabia wanapouziana, daftari la msajili husema jambo moja, vitabu vya biashara vikasema jingine, na wenyewe wakakumbuka la tatu. Sheria inaweza kumpa aliyedhulumiwa nafuu za namna nyingi: kubatilisha mauziano, kumrudishia fedha, kumlipa fidia au kumgawia sehemu yake ya mali. Nafuu ipi ataipata hutegemea kwanza jibu la swali hilo, kisha hali ya hati, na mwisho wepesi wake wa kuchukua hatua.

Mafunzo yanayoelezwa hapa yametokana na mgogoro wa ghala moja la nafaka mjini Dodoma, kama unavyokumbukwa na wakili aliyemwakilisha mmoja wa wabia. Majina ya wahusika yameachwa. Sheria inayozungumziwa ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Chanzo cha mgogoro

Wabia hao walikuwa wafanyabiashara wa mahindi na alizeti. Walinunua mzigo katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na kuusafirisha kwenda Dar es Salaam. Mkubwa wao kwa umri alikuwa ametoa sehemu kubwa ya mtaji. Mdogo ndiye aliyezunguka vijijini, akawajua wakulima na madalali, na akasimamia upakiaji. Walisajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, majina yao wote wawili yakiwemo, lakini hawakuandika mkataba wa ubia. Walikuwa wanaaminiana, na faida waliigawa kila baada ya msimu.

Kiwanja cha ghala kilipatikana enzi ambazo ardhi ya mji wa Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa mwaka 1973. Malipo yalitoka kwenye akaunti ya biashara. Hata hivyo, jina lililoandikwa kwenye hati lilikuwa la mbia mkubwa peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda ofisini siku ile akiwa na vitambulisho. Ghala lenyewe lilijengwa kidogo kidogo kutokana na faida.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo. Mwezi Mei 2017 CDA ilivunjwa na majukumu yake yakahamishiwa Manispaa, ambayo mwezi Aprili 2018 ilipandishwa hadhi na kuwa Jiji. Wamiliki waliokuwa na muda wa miaka 33 wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99. Ardhi iliyokuwa ya kawaida ikaanza kugombaniwa, na ghala la wabia wawili likawa na thamani ambayo hawakuwahi kuiwazia.

Katika kipindi hicho mbia mdogo alihitaji fedha za matibabu ya mama yake, na mkubwa akampa. Karatasi ya kurasa mbili ilichapwa kwenye duka la steshenari, ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kugongwa muhuri. Juu yake palikuwa na maneno “Hati ya Mauziano ya Sehemu ya Ghala”. Baada ya hapo mdogo aliendelea kufanya kazi kama zamani, akabaki na funguo zake, na faida ya misimu iliyofuata akapewa. Aligundua jambo siku alipomkuta mtu mgeni akipima ukuta wa ghala kwa futikamba. Alipouliza, mkubwa alimjibu, “Mdogo wangu, sehemu yako uliniuzia, na karatasi ninayo.” Naye akasema, “Kaka, ule ulikuwa mkopo.” Shauri zima lilikuwa ndani ya kauli hizo mbili.

Mali ya ubia, ya mbia au ya kampuni

Watu wengi huita “kampuni” biashara yoyote inayofanywa na watu zaidi ya mmoja. Kisheria, tofauti kati ya kampuni, ubia na umiliki wa pamoja ni kubwa, na kila moja ina nafuu zake.

Ubia ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa lengo la kupata faida. Tanzania Bara, kanuni zake zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ubia unaweza kuwepo bila mkataba wa maandishi, kwa sababu mahakama hutazama mwenendo: nani alichangia, nani aligawiwa faida, nani alibeba hasara. Usajili wa jina la biashara ni ushahidi mzuri wa ubia, ingawa jina hilo haliwi mtu wa kisheria wala halimiliki ardhi. Mali iliyonunuliwa kwa fedha za ubia huchukuliwa kuwa ya ubia, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba wabia walikusudia vinginevyo. Ambaye jina lake limeandikwa kwenye hatimiliki huwa ameishika kwa niaba ya wenzake pia. Zaidi ya hayo, wabia wanawiwa uaminifu wa hali ya juu: kila mmoja anapaswa kumpa mwenzake hesabu za kweli, kutomficha habari za biashara, na kutojipatia faida ya siri kupitia mali ya ubia.

Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni mtu wa kisheria anayejitegemea. Ghala likiwa la kampuni, mwenye hisa hana sehemu ya ghala ya kuuza. Ana hisa tu. Mauziano ya mali ya kampuni yanahitaji uamuzi wa bodi au wa wanahisa, kwa kadiri katiba ya kampuni inavyoelekeza. Mwanahisa mdogo anayeonewa hutumia kifungu cha 233 cha sheria hiyo, kinachomruhusu kwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayoumiza masilahi yake isivyo haki.

Umiliki wa pamoja ni jambo la tatu. Watu wanaweza kumiliki kiwanja pamoja bila kuwa wabia, ama kwa umoja usiogawanyika, ama kila mmoja akiwa na fungu lake linalojulikana. Hapo nafuu ya kawaida ni kuomba mali igawanywe, na ikiwa haigawanyiki, iuzwe na wahusika wagawane fedha.

Kwenye shauri la ghala, swali hili lilijibiwa na ushahidi wa aina tatu. Wa kwanza ulikuwa taarifa za benki zilizoonyesha malipo ya kiwanja yakitoka akaunti ya biashara. Wa pili ulikuwa daftari la gharama za ujenzi lenye mwandiko wa wabia wote wawili, pamoja na ujumbe wa simu waliotumiana kuhusu saruji na mabati. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa aina hiyo hupokelewa mahakamani ukithibitishwa ipasavyo. Wa tatu, uliokuwa mzito kuliko yote, ulikuwa ile hati ya mauziano yenyewe. Mbia mkubwa aliitumia kuonyesha kwamba mdogo hana tena haki kwenye ghala. Lakini mtu hanunui sehemu ya kitu ambacho chote ni chake. Kwa kuandika kwamba amenunua sehemu ya mwenzake, alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba sehemu hiyo ilikuwepo. Asingeweza tena kusimama nyuma ya hatimiliki na kudai kwamba ghala lilikuwa lake tangu mwanzo. Kilichobaki kubishaniwa ni kama sehemu hiyo iliuzwa kihalali.

Funzo la hapa ni kwamba anayeletewa hati yenye saini yake asikimbilie kuikana. Aisome neno kwa neno kwanza, maana inaweza kuwa imebeba ushahidi wake.

Vipimo vya hati ya mauziano

Hati hupimwa kwa mambo kadhaa. La kwanza ni maandishi na saini. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, au uwepo waraka wenye masharti yake, na uwe umesainiwa na yule anayedaiwa kufungwa nao. Mauziano ya mdomo hayatekelezeki mahakamani.

La pili ni usajili. Chini ya kifungu cha 62, hati ya kuhamisha ardhi iliyosajiliwa haihamishi umiliki mpaka isajiliwe. Kabla ya hapo inabaki kuwa makubaliano kati ya waliosaini, ambayo yanaweza kudaiwa baina yao, lakini mnunuzi bado hajawa mmiliki mbele ya ulimwengu.

La tatu ni kodi. Hati isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Kasoro hii hutibika, lakini mara nyingi hugundulika siku ya kusikilizwa, na kumletea mhusika usumbufu ambao angeuepuka mapema.

La nne ni ridhaa. Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iliyotolewa kwa hiari. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, kwa ushawishi usiofaa, kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli huufanya mkataba uweze kubatilishwa na yule aliyedhulumiwa. Bei kuwa ndogo peke yake haiui mkataba, kwa kuwa watu wazima wana uhuru wa kuuza kwa hasara. Hata hivyo, bei iliyo chini mno inaweza kuzingatiwa mahakama inapojiuliza kama ridhaa ilikuwa ya kweli. Kwenye hati ya ghala, kiasi kilichoandikwa kilikuwa chini ya robo ya thamani ya sehemu ya mbia mdogo, tena kililingana na bili ya hospitali.

La tano ni ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mume au mke. Ghala la biashara si nyumba ya ndoa, lakini wabia wengi hufanya biashara kwenye nyumba wanazoishi au kuziweka rehani, na hapo mwenzi asiyesaini huweza kuivuruga hati nzima.

Muhuri wa serikali ya mtaa haumo katika vipimo hivi. Mwenyekiti anaweza kutoa ushahidi kwamba aliwaona watu wakisaini. Hathibitishi umiliki, wala hahakikishi kwamba aliyesaini alielewa alichosaini.

Kuna tofauti moja ambayo matokeo yake ni makubwa. Hati batili tangu mwanzo, kama iliyoghushiwa saini, haimpi mtu yeyote haki, na asiye na haki hawezi kuipitisha kwa mwingine. Hati inayoweza kubatilishwa, kama iliyosainiwa kwa kudanganywa, huendelea kuwa na nguvu mpaka aliyedhulumiwa aikatae. Akichelewa, na katikati akatokea mnunuzi mwema aliyelipa bila kujua hila, mali inaweza kumponyoka akabaki kudai fedha tu.

Kuthibitisha kwamba karatasi haisemi kweli

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kupingana na masharti ya waraka ulioandikwa. Kanuni hiyo ina milango. Mtu anaruhusiwa kuleta ushahidi wa mdomo kuonyesha udanganyifu, vitisho, uharamu, kosa la kutoelewana, au kwamba malipo yaliyoandikwa hayakuwa malipo ya kile kinachotajwa. Kupitia milango hiyo mbia mdogo aliweza kueleza habari za mkopo.

Madai ya udanganyifu yana mzigo mzito. Anayeyaleta lazima aeleze kwenye hati ya madai nani alidanganya, lini na kwa maneno gani. Kuandika tu kwamba “nilitapeliwa” hakutoshi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1957, mahakama za ukanda huu zimeshikilia kwamba udanganyifu huthibitishwa kwa kiwango cha juu kuliko madai mengine ya daawa, ingawa hakifiki kile cha kesi ya jinai.

Ndiyo maana mwenendo wa baada ya kusaini una uzito. Mtu aliyeuza sehemu yake hagawiwi faida ya misimu inayofuata. Habaki na funguo. Halipi mlinzi wa ghala. Mambo hayo yote mbia mdogo aliendelea kuyafanya, mkubwa akiona na kunyamaza. Kila moja lilikuwa dogo. Yalipopangwa kwa tarehe, yalieleza uhusiano wa watu ambao bado ni wabia.

Hatua za siku za mwanzo

Nafuu kubwa huokolewa na hatua ndogo zinazochukuliwa mapema. Ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Kwa ada ndogo, mtu hupata taarifa ya jina lililosajiliwa, rehani zilizopo na mazuio yaliyowekwa. Upekuzi wa ghala ulionyesha kwamba mali bado ilikuwa kwa jina la mbia mkubwa na haikuwa imewekwa rehani. Nafasi ya kuiokoa ilikuwepo.

Ya pili ni kaveati, yaani tahadhari inayowekwa kwa Msajili wa Hati chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Mtu mwenye masilahi kwenye ardhi iliyosajiliwa huapa kiapo akieleza masilahi hayo, na kaveati ikishaingizwa, uhamisho hauendelei kimyakimya. Mwenye hatimiliki anaweza kuomba Mahakama Kuu iiondoe, na hapo aliyeiweka atatakiwa kueleza sababu zake. Kwa kaveati ya ghala, mnunuzi mtarajiwa aliyekuwa akipima ukuta alijitoa mara tu wakili wake alipofanya upekuzi. Aidha, tangu hapo hakuna mnunuzi ambaye angeweza kusema kwamba hakujua.

Ya tatu ni amri ya zuio la muda kutoka mahakamani au kwenye baraza la ardhi. Vigezo vyake vinajulikana tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969. Pawepo jambo zito la kuamuliwa lenye uwezekano wa mwombaji kushinda. Pawepo hatari ya hasara isiyofidika kwa fedha zuio lisipotolewa. Na usumbufu atakaoupata mwombaji akinyimwa uwe mkubwa kuliko ule atakaoupata mjibu maombi likitolewa. Mwombaji anapaswa kuthibitisha vyote vitatu. Anayedai fedha tu mara nyingi huangukia kwenye kigezo cha pili, kwa kuwa hasara yake inahesabika.

Ya nne ni barua ya madai. Ndiyo inayoonyesha tarehe ambayo aliyedhulumiwa aliikataa hati, na tarehe hiyo inaweza kuamua mengi kwenye hati inayoweza kubatilishwa.

Mahali pa kupeleka shauri

Shauri zuri likifunguliwa mahali pasipo na mamlaka huanguka, hata baada ya miaka ya kusikilizwa. Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, safari huanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, hutoa cheti kinachofungua njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2016, baraza la wilaya husikiliza madai ya kurejeshewa mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na madai mengine ya ardhi yanayokadirika kwa fedha yasiyozidi shilingi milioni 200. Yanayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu.

Mwenyekiti wa baraza la wilaya huketi na wazee wa baraza, na maoni yao lazima yatolewe na kusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi kwa sababu tu sharti hilo halikufuatwa. Wakili makini huhakikisha maoni hayo yameingia kwenye kumbukumbu, hata kama upande wake ndio ulioshinda.

Migogoro ya wabia huleta ugumu wa ziada. Mabaraza ya ardhi yana mamlaka juu ya ardhi, wakati kuvunja ubia na kuchukua hesabu zake ni kazi ya mahakama za kawaida. Anayechanganya madai yote kwenye karatasi moja hujiletea pingamizi la awali. Lazima aamue kiini cha shauri ni kipi: umiliki wa ghala, au hesabu za biashara. Mkataba wa ubia ukiwa na kifungu cha usuluhishi, upande mmoja unaweza kuomba shauri lisimamishwe ili mgogoro uende kwanza kwa msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020.

Wadaawa nao wachaguliwe kwa uangalifu. Mnunuzi wa tatu lazima aunganishwe, kwa sababu haki yake haiwezi kufutwa bila kusikilizwa. Msajili wa Hati au Kamishna wa Ardhi akiunganishwa, shauri linakuwa dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90 inahitajika, na mahali pake ni Mahakama Kuu.

Muda nao unahesabiwa. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Pale madai yanapotokana na udanganyifu, muda huanza kuhesabiwa siku udanganyifu ulipogunduliwa, au siku ambayo mtu makini angeugundua.

Nafuu zinazoweza kuombwa

Tamko la mahakama ndilo msingi: kwamba ghala ni mali ya ubia, au kwamba hati fulani haina nguvu. Tamko peke yake halirudishi kitu mkononi, hivyo huambatanishwa na nafuu nyingine.

Kubatilisha hati huwarudisha wahusika pale walipokuwa kabla ya kusaini. Kwa hiyo kuna gharama: anayeomba hati ibatilishwe lazima awe tayari kurudisha alichopokea. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka aliyepata manufaa chini ya makubaliano yaliyogundulika kuwa batili ayarejeshe au ayafidie. Mbia mdogo aliambiwa hili tangu mwanzo, naye akaanza kutafuta fedha za kulipa deni la hospitali kabla ya shauri kusikilizwa. Uamuzi huo ulimpa uzito mbele ya baraza.

Kurekebisha hati hufaa pale wahusika walipokubaliana jambo moja na mwandishi akaandika jingine, kwa mfano namba ya kiwanja au ukubwa wa fungu.

Utekelezaji wa mkataba ni nafuu ya mnunuzi. Mbia aliyelipa bei kamili kwa hati halali, muuzaji akakataa kusaini fomu za uhamisho, anaweza kuomba amri ya kulazimisha usainishaji. Kwa kuwa kila ardhi ina upekee wake, mahakama huwa tayari kutoa amri hiyo, ikiwa mwombaji ametimiza wajibu wake na hakuja na hila.

Fidia hutolewa chini ya kifungu cha 73 kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba. Kodi ya pango iliyopotea na mzigo ulioharibika kwa kufungiwa ghala ni hasara mahsusi. Hutajwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kwa stakabadhi.

Hesabu na kuvunja ubia ni nafuu za kibiashara. Mahakama inaweza kuamuru vitabu vifunguliwe, mali ikusanywe, na iteue msimamizi wa kuitunza shauri likiendelea. Ubia ukivunjwa, madeni ya watu wa nje hulipwa kwanza, kisha mikopo ambayo wabia waliupa ubia, kisha mitaji, na kinachobaki hugawanywa kama faida. Pasipo makubaliano, faida hugawanywa sawa. Wengi waliotoa mtaji mkubwa hushangaa kusikia hivyo.

Kurekebisha daftari la ardhi huombwa Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 99 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, pale jina linapokuwa limekwisha kubadilishwa kwa udanganyifu au kwa kosa. Mmiliki aliyesajiliwa na anayeikalia ardhi analindwa, isipokuwa awe alishiriki udanganyifu huo au alichangia kosa lililotokea.

Jinai ni njia ya mwisho. Kughushi saini na kuwasilisha hati ya uongo ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na wataalamu wa maandishi wa Jeshi la Polisi huweza kuchunguza saini. Lakini hukumu ya jinai peke yake hairudishi ghala. Vilevile, kutumia polisi kumtisha mbia kwenye mgogoro wa daawa huharibu nafasi ya suluhu.

Jinsi mgogoro ulivyomalizika

Hesabu zilipowekwa mezani, wabia walikubali kusuluhishwa. Walimwajiri mthamini aliyesajiliwa kupima thamani ya ghala. Ile karatasi ya kurasa mbili ilikubalika kuwa ushahidi wa mkopo. Mbia mkubwa akanunua sehemu ya mdogo kwa bei ya mthamini, mkopo wa matibabu ukakatwa humo, na malipo yakapitia benki. Makubaliano yaliandikwa, yakasainiwa na pande zote na kusajiliwa kuwa tuzo ya baraza, ili upande mmoja ukikiuka, mwingine uombe utekelezaji bila kufungua shauri jipya. Kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu viliingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo, kila mmoja akijua fungu lake.

Kumbukumbu za shauri hili zinaonyesha mambo ambayo wabia wanapaswa kuyaandika wangali wanapatana. Mkataba wa ubia utaje mali zote za ubia kwa namba za viwanja, na useme wazi kwamba mwenye jina kwenye hati ameishika kwa niaba ya wote. Inapowezekana, majina ya wabia wote yaingie kwenye hatimiliki. Uuzaji wa ardhi uhitaji saini za wote. Mbia anayetaka kutoka auze kwanza kwa wenzake, kwa bei ya mthamini waliyekubaliana. Mkopo kati ya wabia uandikwe kama mkopo, kwenye karatasi yake, na usichanganywe na mauziano. Kila anayesaini apewe nakala na nafasi ya kuonana na wakili wake mwenyewe, kwa sababu wakili mmoja hawezi kuwa mshauri wa muuzaji na wa mnunuzi kwa moyo mmoja.

Kuaminiana ndiko kulikowawezesha wabia wa Dodoma kujenga ghala bila karatasi. Karatasi wangeiandika mapema, isingeupunguza uaminifu huo. Ingeuhifadhi hadi siku ambayo bei ya ardhi ilipanda na kila mmoja akaanza kukumbuka kivyake.